Mimbari, Benchi na Kapu: Mjadala wa Imani na Kura Nchini Kenya

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa katika kila Wakenya 10, zaidi ya 8 ni Wakristo. Hakuna anayeingia Ikulu bila kura zao, na marais wote watano, kuanzia Jomo Kenyatta hadi William Ruto, walibatizwa. Mgeni akitazama hesabu hiyo anaweza kuamini kwamba imani ndiyo inayoamua kura. Lakini timu zote mbili zikivaa jezi ya rangi moja, rangi haimsaidii mtazamaji kujua nani anamshangilia nani. Mkatoliki humwacha Mkatoliki mwenzake akampigia kura Mwanglikana, na mlokole asiyegusa pombe humfuata mlevi wa kwao, kisha Jumapili kila mmoja hupokea neema ya kufungia ibada akiwa na dhamiri safi.

Namna imani ya Kikristo inavyomwongoza mpiga kura imejadiliwa Kenya kwa takriban miaka 40, na mjadala mkali zaidi umekuwa ndani ya makanisa yenyewe. Sauti zake ni tatu. Ya kwanza ni ya Mimbari: maaskofu, mapadri na wachungaji, pamoja na nyaraka wanazotoa nchi inapochafuka. Ya pili ni ya Benchi: waumini wanaosikiliza na kuitikia amina, na ambao siku ya kura huingia kibandani peke yao. Ya tatu ni ya Kapu la sadaka, ambalo halisemi sana, ingawa likisema wengine hunyamaza.

Mimbari huanzia kwenye Maandiko. Sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi inafundisha utii kwa wenye mamlaka, kwa kuwa mamlaka yana asili kwa Mungu, na wahubiri waliokuwa karibu na serikali ya Daniel arap Moi waliishika sura hiyo kwa mikono miwili. Wahubiri wengine walifungua Matendo 5, pale mitume wanapoamriwa na baraza wanyamaze nao wanakataa, au Ufunuo 13, ambako dola limechorwa kama mnyama anayetoka baharini. Ni jambo la kutafakari kwamba Warumi 13 na Ufunuo 13 ziliandikwa chini ya dola lile lile la Roma, zikaliona kwa macho mawili tofauti kiasi hicho.

Benchi halina ugomvi na Maandiko. Lina swali kuhusu anayechagua sura ya kusoma. Mbona Warumi 13 husomwa mtu wa kwetu akiwa madarakani, na Matendo 5 akiwa nje? Mimbari hujibu kwamba kipimo ni matendo ya mtawala, bila kujali jina wala kabila lake, na ushahidi wake haiutoi katika tafsiri bali katika historia. Hapo ndipo mjadala unaporudi kwenye kura ya mlolongo.

Mwaka 1986 KANU, iliyokuwa chama pekee kisheria tangu 1982, iliamua kwamba uteuzi wa wagombea ubunge ufanywe kwa watu kupiga foleni. Mpiga kura hakupewa karatasi. Alikwenda uwanjani, akamtafuta wakala aliyeinua picha ya mgombea, akasimama nyuma yake. Msimamizi alipita akihesabu vichwa. Mgombea aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa amekwisha kuwa mbunge, bila kupitia kura ya siri. Watu wakishatawanyika hapakubaki hata kipande cha karatasi cha kuhesabia upya, hivyo mlolongo mfupi uliweza kutangazwa kuwa ndio mrefu. Katika uchaguzi wa 1988 jambo hilo lilitendeka mahali pengi, mchana kweupe, mbele ya macho ya walioshindwa na ya walioshindishwa.

Agosti 1986, wachungaji waliokutana chini ya Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya (NCCK) walikataa kupiga kura kwa namna hiyo. Hoja yao ilikuwa ya kichungaji kuliko ya kisiasa. Kasisi akionekana na kijiji kizima amesimama nyuma ya picha ya mgombea mmoja, Jumapili atampaje meza ya Bwana aliyesimama mlolongo wa pili? Na kasisi hakuwa peke yake kwenye shida hiyo. Mwenye deni alisimama akitazamwa na mwenye duka anayemdai, kibarua akitazamwa na tajiri wake, mke akitazamwa na mumewe. Mlolongo uliigeuza kura kuwa ushuhuda wa hadharani, tena ushuhuda wa kulazimishwa, na kanisa linajua kuliko taasisi nyingine yoyote tofauti ya ushuhuda na kulazimishwa.

Kilichofuata ndicho kipindi ambacho Mimbari hukitaja kwa fahari. Maaskofu wa Kianglikana David Gitari, Henry Okullu na Alexander Muge walihubiri wakitaja wizi wa kura kuwa wizi. Jarida la NCCK lililoitwa Beyond lilichapisha habari za udanganyifu wa 1988, likapigwa marufuku. Mhariri wake, Bedan Mbugua, alifungwa, na kosa aliloshtakiwa nalo lilihusu taarifa za mauzo ya jarida ambazo hazikuwasilishwa. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya wa kanisa la Presbiteri alihubiri Nairobi juu ya tawala za chama kimoja zilizokuwa zikianguka Ulaya Mashariki, akaacha wasikilizaji wamalizie wenyewe. Agosti mwaka huohuo waziri wa kazi, Peter Okondo, alimwonya Muge hadharani kwamba akikanyaga Busia hatatoka hai. Muge alikwenda. Tarehe 14 Agosti, akiwa njiani kurudi, gari lake liligongana na lori akafa. Okondo alijiuzulu. Desemba 1990 KANU iliacha mlolongo, na Desemba 1991 kifungu cha 2A kilichokuwa kimefunga mlango wa vyama vingi kiliondolewa katika katiba.

Benchi linakubali ushujaa huo lakini linapunguza hesabu yake. Mimbari haikuwa moja. Africa Inland Church, kanisa ambalo Moi mwenyewe alikuwa muumini wake, lilijitoa NCCK wakati wa mzozo wa mlolongo, na wako wahubiri waliomsifu Rais kila alipoketi benchi la mbele. Isitoshe, wanasiasa waliofungwa na vijana waliopigwa risasi kwenye maandamano ya Saba Saba ya 1990 walichangia, na wahisani wa nje waliosimamisha misaada Novemba 1991 walichangia vilevile. Yote hayo ni kweli. Bado kuna jambo moja lisilopunguzika: katika nchi isiyo na chama cha upinzani, na yenye magazeti yenye hofu, kanisa lilikuwa karibu mahali pekee ambapo mamia ya watu walikusanyika kila wiki bila kuomba kibali kwa mkuu wa wilaya, wakasikiliza mtu mmoja akisema kwa nusu saa.

Miaka 20 baadaye Mimbari ilipewa mtihani mwingine. Tarehe 4 Agosti 2010 Wakenya walipiga kura ya maoni juu ya katiba mpya, kijani kwa waliokubali na nyekundu kwa waliokataa. NCCK, maaskofu wa Katoliki na makanisa mengi ya kiinjili waliwataka waumini waikatae. Hoja zilikuwa mbili. Ibara ya 26, baada ya kusema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, iliruhusu mimba kutolewa pale mtaalamu wa afya anapoona kuna haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Maaskofu waliona neno afya ni mlango usio na komeo. Hoja ya pili ilikuwa Mahakama za Kadhi, ambazo Ibara ya 170 iliziendeleza kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali wenyewe kuhukumiwa humo.

Kwa muda wa miezi kadhaa Mimbari ilisema kwa sauti karibu moja, jambo ambalo haikuweza hata wakati wa Moi. Njoya aliunga mkono kijani, lakini Njoya alikuwa amezoea kusimama peke yake. Matokeo yalipotangazwa, kura takriban milioni 6.1 zilikuwa za kukubali na takriban milioni 2.8 za kukataa. Mkoa wa Nyanza, wenye Waadventista, Wakatoliki na Waanglikana tele, ulikubali kwa zaidi ya kura 9 kati ya 10. Mkoa wa Kati, chimbuko la Presbiteri, ulikubali kwa zaidi ya 8 kati ya 10. Waumini waliosimama kuimba na maaskofu wao Jumapili ya tarehe 1 Agosti waliwapinga Jumatano.

Mimbari haikuliona hilo kuwa aibu. Watu milioni 2.8 si wachache, ilisema, na kazi ya nabii haijawahi kuwa kushinda uchaguzi. Yeremia hakupata wingi wa kura Yerusalemu. Hoja hiyo ina uzito wake, ila inazungukwa na tatizo. Kura za kukataa zilijaa zaidi Bonde la Ufa, ambako William Ruto na Moi mstaafu walikuwa wakiongoza kampeni ya nyekundu, na ambako vifungu vya ardhi viliogopwa kuliko vya mimba. Nani atatenganisha aliyemfuata askofu na aliyemfuata Ruto?

Jibu la Benchi lilikuwa refu zaidi, na lilianza kwa kukana shtaka. Halikuiasi imani. Liliisoma katiba yote, na humo lilikuta kaunti 47 zitakazopeleka fedha karibu na kijiji, haki ya mwanamke kurithi ardhi na mipaka ya madaraka ya rais. Mahakama za Kadhi lilizijua tangu zamani: zilikuwa urithi wa ukanda wa pwani uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, zikaingia katika katiba ya uhuru ya 1963, na hakuna Mkristo aliyewahi kuitwa mbele yake kwa nguvu. Kuhusu mimba, wengi katika Benchi walikubaliana na maaskofu kwa moyo, wakakataa kwamba ibara moja iangushe nyingine zote. Kwa maneno mengine, Benchi lilipima dhambi moja inayowezekana dhidi ya haki nyingi zinazowezekana, na kupima namna hiyo nako ni tendo la dhamiri ya Kikristo, hata kama mhubiri hakupenda mizani iliyotumika.

Hapa mjadala una kinaya ambacho pande zote mbili hukipita haraka. Mwaka 1986 Mimbari ilipigania kura ya siri ili mpiga kura asitazamwe na chifu, tajiri wala mume. Ikashinda. Mwaka 2010 siri hiyohiyo ilimkinga muumini asitazamwe na askofu wake. Laiti kura ya maoni ingepigwa kwa mlolongo, mzee wa kanisa akisimama nyuma ya bango jekundu na kuangalia nani wa jumuiya yake ameenda upande wa kijani, huenda hesabu ingekuwa nyingine. Mimbari ilijenga kibanda ambacho haikuweza kuingia.

Kutokana na misimu hiyo miwili, Benchi hutoa dai ambalo linaelekea kuwa sahihi: imani huamua zaidi namna kura inavyopaswa kupigwa kuliko nani apigiwe. Kanuni kama vile kura isiibwe, mtu asiuawe kwa ajili ya kura na mgonjwa asiporwe dawa hukubaliwa na mabenchi yote, toka Kisumu hadi Nyeri. Jina la mgombea halikubaliwi na mabenchi yote, kwa sababu jina lina kwao. Tanzania inatoa mfano wa karibu. Waraka wa maaskofu Katoliki wa Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari na kampuni ya DP World ulijadiliwa nchi nzima, misikitini pia, kwa sababu ulizungumzia mkataba na haukumtaja mgombea. Mkataba wenyewe haukuzuiwa. Makubaliano ya utekelezaji yalitiwa saini Oktoba mwaka huo.

Mimbari hukataa kuwekewa mpaka huo. Mgombea, inasema, ni kanuni iliyovaa viatu. Mwongo na mwizi hawawezi kulinda kura, basi kwa nini mhubiri asiseme nani ni mwongo? Benchi hujibu kwa tarehe moja. Tarehe 1 Januari 2008, siku chache baada ya uchaguzi uliobishaniwa, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto watu wakiwa wamekimbilia ndani, wengi wao wanawake na watoto. Katika machafuko ya miezi ile zaidi ya watu 1,100 waliuawa, Wakristo kwa Wakristo katika sehemu kubwa ya nchi. Februari 2008 NCCK iliomba msamaha hadharani, ikikiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wamegawanyika na kuegemea pande. Wako wachungaji waliokuwa wamewawekea mikono wagombea na kuwatangaza wapakwa mafuta, kila mmoja akimpaka wa kwake. Mafuta yalikuwa mengi kuliko viti.

Msamiati huo haukuisha 2008. “Chaguo la Mungu” ni msemo wa kawaida katika mikutano ya kampeni, na una kazi mbili zisizofanana. Kabla ya kura humwinua mgombea juu ya maswali, maana nani atamuuliza maswali aliyeteuliwa mbinguni? Baada ya kura humsaidia aliyeshindwa kulala usingizi: Mungu ndiye humpa amtakaye. Kazi ya kwanza ina madhara. Ya pili imezuia mawe mengi kurushwa, ingawa Benchi la wenye uchungu huuliza kama wizi nao ni mapenzi ya Mungu, na swali hilo Mimbari haijalijibu vizuri.

Kuna njia nyingine ambayo imani hupitia, ya kimyakimya, nayo haipewi nafasi inayostahili. Mwanamke aliyekuwa mweka hazina wa chama cha kina mama, akasoma mapato na matumizi mbele ya wenzake na kuulizwa shilingi 300 za sukari zilikwenda wapi, ameshafunzwa uwajibikaji kuliko semina yoyote ya elimu ya uraia. Kanisa la Presbiteri huchagua wazee wake. Waadventista huchagua maofisa wa kanisa. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki huchagua mwenyekiti na katibu. Anayemhoji diwani kuhusu barabara mara nyingi alijifunza kuhoji akiwa kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa.

Je, Mkristo humtafuta mchungaji ili amtawale? Takwimu zinasema hapana, walau Ikulu. Mwaka 2007 Askofu Pius Muiru, mhubiri maarufu wa televisheni, aligombea urais akapata kura 9,667. Mwaka 2022 Mchungaji David Mwaure, wakili aliyesimama kwa sera za kusafisha rushwa na kurejesha maadili, alipata kura 31,987, akawa wa mwisho kati ya wanne. Aliyemtangulia, George Wajackoyah, alipata 61,969, na sera iliyompa jina ilikuwa kuhalalisha bangi. Katika nchi yenye Wakristo zaidi ya 8 kwa 10, bangi ilimshinda mchungaji karibu mara mbili. Ubunge ni habari nyingine: Askofu Margaret Wanjiru alishinda Starehe mwaka 2007, lakini jimbo ni mahali ambapo mtu hujulikana kwa mikono yake, si kwa kola yake.

Yako pia masuala ambayo imani huyatawala kabisa bila kuigusa kura. Mahakama ya Juu ilipoamua Februari 2023 kwamba wapenzi wa jinsia moja wasinyimwe haki ya kusajili shirika, wanasiasa wa serikali na wa upinzani walilaani kwa pamoja, na Mimbari ikaungana na misikiti. Wakikubaliana wote, hakuna anayepata wala kupoteza kura.

Imebaki sauti ya tatu, Kapu la sadaka. Mandhari inajulikana na kila aliyewahi kusali Kenya. Wimbo wa pili unaendelea, magari yanasikika nje, vijana wa mapokezi wanasogeza viti vya plastiki mbele. Kabla ya mahubiri, au baada ya matangazo, kiongozi wa ibada anasema mheshimiwa atatusalimia kidogo. Salamu huchukua dakika 20. Zikiisha, bahasha hutajwa: ya kwaya, ya kina mama, ya paa. Mhubiri anayepanda baadaye ameshalipiwa mabati. Je, atafungua sura gani?

Kapu linajitetea kwa hoja isiyo ya kudharau. Mabati ni mabati. Parokia maskini haijengi nyumba ya padri kwa barua za kichungaji, na mwanasiasa aliyechota fedha za umma hupunguziwa dhambi, au walau akiba, zikirudi kijijini kwa njia ya harambee. Benchi halikubaliani nalo tena kwa urahisi. Septemba 2021, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwanyima wanasiasa kipaza sauti, na Raila Odinga na wenzake waliketi wakasikiliza ibada kama watu wengine. Maaskofu Katoliki walitoa katazo kama hilo. Kisha ukaja Juni 2024, vijana wakaandamana kupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao walitaja makanisa kwa majina kwamba yanapokea fedha za watu wanaowatoza kodi.

Novemba mwaka huohuo maaskofu Katoliki waliikemea serikali kwa uongo na ahadi zisizotimizwa. Siku tatu baadaye, Jumapili tarehe 17, Rais Ruto alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, Embakasi, akatoa shilingi milioni 2 za nyumba ya padri na 600,000 za kwaya na watoto, akaahidi nyingine milioni 3 na basi. Jumatatu Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza fedha zirudishwe, pamoja na 200,000 za gavana wa jiji. Benchi lilishangilia, hata Benchi la Waprotestanti.

Machi 2025 Rais aliahidi shilingi milioni 20 kwa kanisa la kipentekoste huko Roysambu, na kiongozi wake akazipokea na kuzitetea. Jumapili iliyofuata vijana waliandamana kuelekea kanisa hilo, polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi.